Je, majirani wa ng'ambo ya mpaka wanavuta maji ya kisima changu?

*"Nalima ndizi na vitunguu kwenye ekari tatu nje kidogo ya mji wa Taveta, upande wa Kenya. Kisima changu kilichimbwa kwa mkono mwaka 2013, kina mita 17, na sikuwahi kukosa maji. Sasa huu ni mwaka wa tatu, ikifika Septemba pampu inavuta dakika 40 tu kisha inavuta hewa. Zamani ilikuwa saa tatu nzima. Ng'ambo, upande wa Holili, limefunguliwa shamba kubwa lenye visima virefu vinne na pampu za sola zinazofanya kazi kutwa. Wazee wetu wanasema Watanzania wanatuibia maji. Kijana wangu anasema barafu ya Kilimanjaro ndiyo inayoisha. Fundi amenishauri nichimbe hadi mita 120, shida itakwisha. Shemeji yangu anaishi Holili na kisima chake nacho kimeshuka, ila kwao wanasema Wakenya ndio wanaovuta. Nani mwenye haki? Kuna sheria? Nikope nichimbe?"*

Ndugu yangu, nimelisoma swali lako mara mbili, na maneno yaliyonishika ni yale ya shemeji yako. Wewe Taveta unaambiwa Watanzania wanavuta, yeye Holili anaambiwa Wakenya wanavuta, na visima vyote viwili vinashuka. Kama mmoja angekuwa anamwibia mwenzake, mmoja angelia na mwingine angeneemeka. Mnapolia wote wawili, cha kushukiwa kwanza ni ile hifadhi mnayochota wote, wala si mtu.

Nimefanya kazi ya maji chini ya ardhi kuuzunguka mlima huu kwa miaka mingi, pande zote mbili, na lalamiko lako nimelisikia kwa Kitaveta, kwa Kichaga na kwa Kimaasai. Nitakujibu kwa mapana, kwa sababu mkopo uko mbele yako na sitaki uuamue kwa maneno ya barazani.

Tuanze na mlima wenyewe. Wengi hufikiri chini ya ardhi kuna mto unaopita, na aliye juu akiuziba, wa chini anakauka. Sivyo. Kilimanjaro ni volkano iliyojengwa kwa lava iliyomwagika mara nyingi, tabaka juu ya tabaka, na katikati yake kuna majivu yaliyogandamana. Lava iliyopasuka hupitisha maji. Majivu yaliyogeuka udongo mzito huyazuia. Mvua ya msituni huzama kwenye nyufa, hushuka mpaka ikutane na tabaka linalokataa, kisha huteleza juu yake polepole kuelekea bondeni. Pale lava inapoishia na tambarare kuanza, maji hukosa pa kwenda na kuibuka. Ndiyo maana Rombo ya Tanzania, huko juu kwenye mvua, kuna akina mama wanaotembea mbali na ndoo kichwani, wakati Taveta penye jua kali mna chemchemi za Njoro Kubwa. Maji hupita chini ya miguu ya Mrombo, kina kirefu mno, yakaja kutokea kwenu.

Mpaka ulichorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886, kwa mstari uliopinda kuuzunguka mlima. Waliouchora hawakuuliza maji yanakwenda wapi. Mstari huo ulilipasua Ziwa Chala katikati, nusu huku nusu kule. Mto Lumi huanzia miteremko ya mashariki upande wa Tanzania, hupita kwenu na kuingia Ziwa Jipe. Kutoka Jipe, Mto Ruvu huyarudisha maji Tanzania hadi bwawa la Nyumba ya Mungu. Kwa hiyo maji haya huvuka mpaka, kisha huuvuka tena. Wazee wa Taveta wakisema wako chini ya Holili, wako sahihi. Lakini wakumbuke kuna wavuvi Watanzania walio chini yao.

Kijana wako naye nimjibu kwa heshima, maana hoja yake inasemwa hata na watu waliosoma. Ni kweli barafu inaisha. Zaidi ya asilimia 80 ya eneo lililofunikwa na barafu mwaka 1912 limekwisha kupotea. Lakini barafu iliyobaki haifiki hata kilomita 2 za mraba, na sehemu yake kubwa hupotelea hewani kwa jua na upepo bila hata kuwa maji. Msitu wa mlima una takriban kilomita 1,000 za mraba, na sehemu zake zenye mvua nyingi kusini hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka, mbali na ukungu unaonaswa na majani na kuvumwani, vile vinavyofanana na ndevu vinavyoning'inia matawini. Kisima chako kinalishwa na msitu. Moto unaoteketeza msitu wa juu, ambao umeshusha mstari wa miti kwa miongo kadhaa sasa, unanitia hofu zaidi kuliko barafu, ingawa picha ya kilele cheupe ndiyo inayopendwa na magazeti.

Na kwa kuwa najua swali litakalofuata: hapana, chemchemi zenu hazitoki Ziwa Chala, ingawa kila mtoto wa Taveta amekua akisikia hivyo. Miaka ya 1960 wataalamu walitia ziwani kiasi kidogo cha tritiamu, aina ya haidrojeni inayoweza kufuatiliwa, wakapima ziwa na chemchemi za jirani. Ilionekana kwamba ziwa lenyewe linalishwa na maji ya chini ya ardhi na humwaga maji chini kwa chini, lakini chemchemi za bondeni zinapata karibu maji yake yote kwingine, kutoka mlimani moja kwa moja. Chala na Njoro ni watoto wa mama mmoja. Mmoja hamzai mwingine.

Sasa tuje kwenye shamba la visima vinne. Umewahi kuona watu wakichimba vishimo kwenye mchanga wa mto mkavu ili wapate maji? Ukichota sana kwenye kishimo chako, cha jirani aliye hatua mbili kinashuka, cha aliye hatua hamsini hakitikisiki. Ukipumzika, vyote vinarudi. Kisima kirefu hufanya vivyo hivyo. Kikivutwa, maji yanayokizunguka huinama kuelekea kwake kama kikombe, na kikombe hicho hupanuka kadiri pampu inavyoendelea. Kwenye mchanga, kikombe huwa mviringo mzuri. Kwenye lava hufuata nyufa, kwa hiyo kisima kilicho mbali kwenye ufa huohuo kinaweza kuguswa, na kilicho karibu kisiguswe. Ndiyo sababu hakuna mtu anayeweza kukuambia, kwa kutazama tu, kama lile shamba linakugusa. Mimi pia siwezi.

Tunachoweza ni kukadiria ukubwa wa uvutaji. Ekari moja ya ndizi wakati wa jua kali huhitaji kama milimita 5 za maji kwa siku, yaani takriban lita 20,000. Hesabu ekari zinazomwagiliwa kule, zidisha. Zikiwa 60, ni lita milioni 1.2 kwa siku, kiasi kikubwa kweli. Kisha fanya hesabu hiyohiyo upande wako, na hapa ndipo watu hunyamaza: wakulima 30 wenye ekari mbili-mbili ni ekari 60. Pampu za sola zimeongeza uzito wa jambo hili kila mahali. Aliyekuwa akinunua dizeli alizima pampu mapema ili aokoe fedha. Mwenye sola hana sababu ya kuzima mpaka jua lizame.

Mama mmoja mkulima wa nyanya upande wa Loitokitok aliwahi kuniletea daftari la mtoto wa shule. Alikuwa amepima kisima chake kila asubuhi kwa karibu miaka miwili, kwa kamba, akiandika tarehe na kina kwa kalamu ya risasi. Naye alikuwa na hakika kwamba maji yanavutwa kutoka Tanzania. Tulikaa chini ya mti tukafungua ukurasa baada ya ukurasa, mpaka jicho likaona: kila Jumatatu asubuhi maji yalikuwa juu kwa karibu nusu mita kuliko Jumamosi. Nani hapampu Jumapili? Majirani zake wanne, wote upande wa Kenya, wote wa kanisa moja. Hakufurahi, lakini walikaa wakapangiana zamu, na msimu uliofuata alivuna.

Nakuomba ufanye kama yeye, na uanze wiki hii. Tafuta waya mwembamba wa umeme usiovutika ukarefuka, uutie alama kila nusu mita. Mwishoni funga kipande kifupi cha bomba la chuma kilichozibwa juu na kuachwa wazi chini. Kikigusa maji kitatoa mlio wa chubwi utakaousikia vizuri kukiwa kimya. Paka alama ya rangi kwenye ukingo wa kisima na upimie hapohapo siku zote. Zima pampu yako tangu jioni ya jana yake. Pima saa 12 asubuhi, pampu za sola zikiwa bado zimelala, kisha saa 9 alasiri, bila kuwasha yako katikati.

Maji yakishuka mchana na kupanda usiku, kuna pampu karibu inayokugusa, na utajua ni ya nani kwa kulinganisha siku zinazowashwa na zisizowashwa. Yakiwa hayabadiliki kati ya asubuhi na alasiri lakini yanapungua wiki hadi wiki kiangazi chote, basi ni hifadhi nzima inayoshuka, kwa ukame au kwa jumla ya visima vyote, na hutapata mtu mmoja wa kumnyooshea kidole. Usisahau kwamba kuanzia mwishoni mwa 2020 hadi mwishoni mwa 2022 misimu mitano mfululizo ya mvua ilikuwa duni katika maeneo makame ya Kenya, Kajiado na Taita Taveta yakiwemo. Maji chini ya ardhi huchelewa kuugua na huchelewa kupona. Mvua njema ya mwaka mmoja haifidii upungufu wa miaka mitatu.

Kabla ya yote hayo, pima kina cha kisima hadi chini kabisa. Ulichimba mita 17. Ukikuta 15, mita mbili ni tope, na huenda hilo ndilo linalokula dakika zako za pampu. Nimeona visima vingi "vilivyokauka" ambavyo vilihitaji kusafishwa tu. Lakini nakusihi, usimteremshe kijana wako humo kiholela, na kamwe msishushe pampu ya petroli ndani ya kisima. Moshi wake hujaa chini bila kuonekana, na wanaoingia kumwokoa wa kwanza hufa pamoja naye. Kazi hiyo ni ya mafundi wenye vifaa vya kupuliza hewa, kamba za kiunoni na watu wa kutosha juu.

Kuhusu kuchimba mita 120. Fundi anaweza kuwa sahihi kwamba kuna maji huko. Hawezi kukuahidi kwamba shida itakwisha. Kwenye lava mtu anaweza kupata maji mengi na jirani yake wa mita 200 akapata shimo kavu, na mashine hulipwa kwa mita, kavu au mbichi. Tena maji ya kina kwenye miamba ya volkano, kuanzia Mlima Meru wa Arusha hadi kwetu, huweza kuwa na floridi nyingi, aina ya madini yaliyoyeyuka majini. Kiwango cha juu kinachoshauriwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Ikizidi, meno ya watoto huota madoa ya kahawia, na ikizidi sana kwa miaka mingi mifupa hupinda. Kuchemsha hakuiondoi, huizidisha, kwa sababu maji hupungua na floridi hubaki. Na hata ukipata maji matamu kwa wingi, utakuwa umefanya kwa majirani zako wenye visima vifupi kilekile unacholalamikia. Baada ya miaka mitano nao watakopa.

Kwa hiyo, kama ningekuwa mahali pako, nisingekopa mwaka huu. Ningesafisha kisima, ningetandika majani makavu shinani mwa migomba, ningebadilisha mifereji ya vitunguu kuwa mipira ya matone, na ningepima. Ikiwa baada ya msimu mmoja wa vipimo bado unaona huna budi kuchimba, basi mlipe kwanza mtaalamu wa maji chini ya ardhi aje na vifaa vya kupima mwamba, na upate idhini ya Mamlaka ya Rasilimali za Maji, ambayo wengi mnaiita WRA, kabla mashine haijafika shambani. Baada ya kuchimba, dai jaribio kamili la kuvuta maji na majibu ya maabara ndipo ulipe fedha ya mwisho. Anayekataa masharti hayo, mwache aende zake.

Umeuliza kama kuna sheria. Zipo, ila hazifanyi kazi wazee wanavyodhani. Kenya ina Sheria ya Maji ya 2016 na Tanzania ina Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, na zote mbili zinasema maji si mali ya mwenye shamba. Yako mikononi mwa dola kwa niaba ya wananchi, na uvutaji mkubwa unahitaji kibali. Upande wa Holili kibali hutolewa na Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, yenye ofisi Moshi. Shemeji yako anaweza kwenda kuuliza kama shamba lile lina kibali na limeruhusiwa kuvuta kiasi gani kwa siku. Wewe, kama Mkenya, huna mlango wa moja kwa moja pale, lakini yeye anao. Lako lipeleke WRA na kwenye jumuiya yenu ya watumia maji.

Kati ya nchi na nchi, Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio mwezi Desemba 2008 kuhusu miamba yenye maji inayovuka mipaka. Linataka kila nchi itumie kwa haki na kwa kiasi, isimdhuru mwenzake vibaya, na zipeane takwimu. Azimio hilo halifungi nchi kisheria, na linasema pia kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya sehemu iliyo ndani ya ardhi yake. Kwa hiyo neno "wizi" halina pa kukaa. Swali la kisheria ni kama matumizi ya mmoja yanamletea mwenzake madhara makubwa, na hilo linathibitishwa kwa vipimo vya kisima, hakuna kingine. Kenya na Tanzania zilitia saini makubaliano mwaka 2013 ya kusimamia kwa pamoja Ziwa Chala, Ziwa Jipe na Mto Umba. Ni hatua njema, ila macho yake yako kwenye maji yanayoonekana, na mimi ningetamani visima vihesabiwe kwa uzito uleule. Ipo pia Mahakama ya Afrika Mashariki kule Arusha, ambayo mkaaji wa nchi mwanachama anaweza kuifikia mwenyewe. Mwaka 2014 iliamua kesi ya barabara ya Serengeti iliyofunguliwa na shirika la kiraia la Nairobi dhidi ya serikali ya Tanzania. Lakini pale hushtakiwa dola, si shamba, na muda wa kufungua kesi ni miezi miwili tu. Usiende huko bila wakili, wala bila daftari.

Ukitaka kuona jambo hili likifanywa vizuri, tazama Geneva. Jiji hilo la Uswisi na wilaya jirani za Ufaransa huchota kwenye mwamba mmoja, na kufikia miaka ya 1970 maji yalikuwa yameshuka zaidi ya mita 7. Hawakungoja serikali kuu za Bern na Paris zielewane. Mwaka 1978 serikali ya jimbo la Geneva ilikubaliana na mkoa wa Haute-Savoie wenyewe kwa wenyewe: kila kisima kifungwe mita, Geneva ijenge mtambo wa kuzamisha maji ya Mto Arve ardhini ili kuujaza mwamba upya, Wafaransa wachangie gharama kulingana na wanachovuta, na tume ya watu watatu kila upande ikutane kukagua hesabu. Makubaliano yaliandikwa upya mwaka 2007 na yanaendelea hadi leo. Sisemi Taveta ni Geneva. Nasema walioanza walikuwa watu wa mahali penyewe, na miongoni mwa waliyokubaliana zilikuwamo mita za maji.

Usingoje daftari lijae iwapo maji yatabadilika ladha au rangi, ukiona madoa kwenye meno ya watoto, ardhi ikititia karibu na kisima, au maji yakishuka zaidi ya mita moja ndani ya mwezi mmoja bila wewe kubadilisha chochote. Mwite ofisa wa WRA aje kwa miguu yake, naye aone.

Na unapokata waya wako wa kupimia, kata mbili zenye urefu na alama sawa. Wa pili mpelekee shemeji Holili. Mkubaliane siku na saa, mpime wote wawili Jumatatu na Ijumaa, na kila mmoja aandike vipimo vya mwenzake pia kwenye daftari lake.